Kazi Ikivuka Mpaka: Mataifa Yalivyohangaikia Sheria Moja ya Hakimiliki

Tarehe 28 Aprili 2022 Uganda ilianza kuhesabiwa miongoni mwa wanachama wa Mkataba wa Berne, mkataba mkuu wa dunia wa kulinda kazi za waandishi na wasanii. Burundi ilikuwa imeingia 2016, Tanzania 1994, Kenya 1993, Rwanda 1984, na Kongo iliwatangulia wote, mwaka 1963. Kati ya wa kwanza na wa mwisho ilipita karibu miaka 60. Muda wote huo muziki haukusubiri saini za mawaziri. Rumba ya Kinshasa ilitamba redioni Nairobi na Kampala, na wanamuziki wa Kongo wakahamia Dar es Salaam na kuanzisha bendi. Malaika, wimbo aliourekodi Fadhili William mjini Nairobi, uliimbwa na Miriam Makeba, kisha kundi la Boney M likaupeleka Ulaya, na ubishi wa nani hasa aliutunga haujaisha hadi leo. Sheria husimama forodhani, wimbo hausimami.

Tatizo hili lina umri wa miaka 300 na zaidi. Sheria ya kwanza ya hakimiliki kama tunavyoielewa leo ilipitishwa na bunge la Uingereza na kuanza kutumika mwaka 1710, enzi za Malkia Anne. Ilimpa mwandishi wa kitabu kipya miaka 14, na mingine 14 kama bado yu hai. Lakini nguvu yake iliishia ufukweni. Wachapaji wa Dublin walikuwa huru kuchapa upya vitabu vya London na kuviuza kwa bei ya chini, wala hawakuvunja sheria yoyote ya kwao, mpaka Ireland ilipounganishwa na Uingereza na sheria ikavuka bahari mwaka 1801. Huko bara, wachapaji wa Brussels waliishi kwa kuchapa vitabu vya Paris.

Marekani ndiyo iliyowaumiza waandishi wengi zaidi. Sheria yake ya 1790 ililinda kazi za raia na wakazi wa nchi hiyo peke yao. Riwaya ya Mwingereza ikiteremka melini New York ilikuwa mali ya yeyote mwenye mtambo wa kuchapia. Charles Dickens alipozuru Marekani mwaka 1842 alishangiliwa kila mji na wasomaji ambao kwa sehemu kubwa walikuwa wamesoma nakala zisizomwingizia chochote. Aliposimama kusema kwamba inafaa nchi mbili hizi zilindiane waandishi, baadhi ya magazeti yalimshambulia kama mtu mwenye tamaa. Mwaka 1879 Gilbert na Sullivan, baada ya opera yao iliyotangulia kuigizwa ovyo kote Marekani bila malipo, waliamua kuzindua mpya, The Pirates of Penzance, mjini New York kwenyewe ili wawahi kabla ya wezi.

Jambo moja husahaulika tunaposimulia habari hizi. Waandishi wa Marekani nao waliumia. Mchapishaji wa Boston au Philadelphia angemlipa nini kijana wa kwao asiyejulikana, ilhali riwaya za London zinapatikana bure? Kutomlinda mgeni kulimkosesha mwenyeji soko ndani ya nyumba yake. Ndiyo sababu Mark Twain na wenzake walikuja kuwa watetezi wakubwa wa kuwalinda wageni. Mwaka 1891 Bunge la Marekani lilikubali, kwa sharti kwamba vitabu vipangiwe chapa na kuchapwa humo humo Marekani. Vipande vya sharti hilo vilidumu hadi miaka ya 1980.

Ufaransa ilichukua njia tofauti kabisa. Kwa amri ya tarehe 28 Machi 1852 ilitangaza kwamba itazilinda kazi za wageni wote, hata wale ambao nchi zao haziwalindi Wafaransa. Naiona hatua hiyo kuwa ya busara kuliko zote za karne ile. Nchi zilizokuwa zikisita zilikosa kisingizio, zikaanza kutia saini mikataba na Paris moja baada ya nyingine. Ila mikataba ya nchi mbili mbili nayo ilizaa fujo yake. Mwandishi mmoja alikuwa na haki za aina tano au sita, kila mpaka na masharti yake, kila mji na daftari lake la kusajili, na tafsiri inalindwa huku, kule hailindwi.

Hapo ndipo anapoingia Victor Hugo. Mwaka 1878 aliongoza mkutano wa waandishi mjini Paris, na humo ukazaliwa umoja wa kimataifa wa waandishi na wasanii uliodai mkataba mmoja kwa mataifa yote. Hugo huyo huyo, aliyepigania haki ya mwandishi kwa nguvu zote, aliuambia mkutano ule kwamba ikilazimu kuchagua kati ya haki ya mwandishi na haki ya umma, haki ya umma itangulie. Nalikumbusha hilo kwa kuwa waliorithi kazi yake wamelizungumza mara chache mno. Alifariki 1885, mwaka mmoja kabla ya kuona matunda.

Uswisi iliitisha vikao Berne kwa miaka mitatu mfululizo. Katika kikao cha 1884 wajumbe wa Ujerumani waliuliza kama haingekuwa afadhali kuandika sheria moja itakayotumika kila nchi, neno kwa neno. Wengi waliona wazo ni zuri ila wakati wake haujafika. Wakachagua njia nyepesi: kila nchi ibaki na sheria yake, lakini mwandishi wa nchi mwanachama, akifika nchi nyingine mwanachama, apewe haki zile zile anazopewa mwenyeji, na chini ya hapo kiwekwe kiwango ambacho hakuna nchi itakayoruhusiwa kushuka. Tarehe 9 Septemba 1886 nchi kumi zilitia saini: Ujerumani, Ubelgiji, Hispania, Ufaransa, Uingereza, Italia, Uswisi, na pamoja nazo Haiti, Liberia na Tunisia. Tunisia ilikuwa tayari chini ya himaya ya Ufaransa, na Liberia haikuidhinisha saini yake wakati ule, lakini majina ya Afrika yamo katika karatasi ya kwanza kabisa. Mkataba ulianza kazi tarehe 5 Desemba 1887. Marekani ilituma mjumbe wa kutazama tu. Ilijiunga tarehe 1 Machi 1989, baada ya zaidi ya miaka 100 nje ya mlango.

Kiwango cha chini kilipandishwa kikao baada ya kikao. Berlin, 1908, ilifuta masharti ya kusajili: kazi inalindwa tangu inapotungwa, hata bila muhuri wa ofisi yoyote. Roma, 1928, ikaongeza haki ya mtunzi kutajwa jina na kuzuia kazi yake isiharibiwe hata kama ameiuza. Brussels, 1948, ikayafanya maisha ya mtunzi pamoja na miaka 50 baada ya kifo chake kuwa lazima. Angalia tarehe hizo. Afrika Mashariki haikuwa na kiti katika kikao hata kimoja. Ilikuwemo, lakini kama mali ya waliokaa mezani.

Maana dola za kikoloni zilikuwa zimeshaunganisha sheria kwa njia yao. Sheria ya Hakimiliki ya Uingereza ya 1911 iliandikwa kwa ajili ya himaya nzima. Tanganyika ilipotoka mikononi mwa Wajerumani baada ya Vita Kuu ya Kwanza, nayo ikawekwa chini ya sheria hiyo. Haikumwuliza mtunzi wa Mombasa wala wa Johannesburg alitaka nini. Na bado, miaka 90 na zaidi baadaye, kifungu kimoja ndani yake kilifanya kazi ambayo hakuna aliyeitarajia.

Mwaka 1939, Johannesburg, Solomon Linda, Mzulu aliyekuwa mfungashaji wa santuri katika kampuni ya Gallo, aliingia studio na kikundi chake cha Evening Birds na kurekodi wimbo alioutunga, Mbube, yaani simba. Santuri iliuzwa sana Afrika Kusini, ikavuka hadi Marekani. Alan Lomax, mkusanyaji wa nyimbo za asili, alimpa Pete Seeger santuri hiyo, naye Seeger na kundi lake la The Weavers wakaurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwa jina la Wimoweh, matamshi waliyoyasikia vibaya. Mwaka 1961 kundi la The Tokens likautoa na maneno mapya ya Kiingereza kwa jina la The Lion Sleeps Tonight, na ukapanda hadi nafasi ya kwanza Marekani. Linda alikuwa amekwisha kuhamisha haki zake kwa kampuni, kwa shilingi kumi. Alifariki 1962, akaiacha familia yake Soweto katika umaskini. Mwaka 1994 wimbo ukasikika katika filamu ya Disney, The Lion King.

Mwandishi Rian Malan aliifuatilia habari hiyo na kuichapisha mwaka 2000. Kisha mwanasheria Owen Dean wa Afrika Kusini alichimba sheria ya zamani na kukuta kifungu ambacho wanasheria wamezoea kukiita kifungu cha Dickens. Kifungu kilisema kwamba mtunzi akihamisha hakimiliki yake akiwa hai, haki hiyo itarudi kwa warithi wake miaka 25 baada ya kifo chake, mkataba useme nini useme. Kiliwekwa ili familia za watunzi zisibaki mikono mitupu ilhali kazi zao zinaendelea kuuza. Uingereza yenyewe ilikwisha kukiondoa katika sheria yake mpya ya 1956, lakini makubaliano yaliyotiwa saini kabla ya hapo yaliendelea kubanwa nacho. Hesabu ilikuwa rahisi: tangu 1987, katika nchi zilizokuwa za himaya, Mbube ulikuwa mali ya mabinti wa Linda. Mwaka 2004 kesi ilifunguliwa Pretoria, na mahakama ikashikilia alama za biashara za Disney zilizosajiliwa Afrika Kusini ili kampuni iweze kushtakiwa hapo. Februari 2006 warithi walipatana na kampuni ya Abilene Music iliyokuwa ikidai haki za wimbo: warithi walipwe, na Linda atambuliwe kuwa mtunzi mwenza.

Kesi hii inafundisha zaidi ya vitabu vingi vya sheria. Mabinti wale hawakusaidiwa na Mkataba wa Berne, ambao Afrika Kusini imo ndani yake tangu 1928. Berne ulimlinda mwenye haki, na karatasi zilisema mwenye haki ni kampuni. Walisaidiwa na kifungu kilichojali udhaifu wa mtunzi anapokaa mezani na mwenye fedha. Kifungu cha namna hiyo hakimo katika kiwango cha chini cha Berne hadi leo.

Uhuru ulipokuja, Uganda ilitunga sheria yake ya hakimiliki mwaka 1964, Kenya na Tanzania mwaka 1966. Kwa kujiunga na Berne, hata hivyo, hazikuwa na haraka, na naamini hazikukosea. Shule zilihitaji vitabu kwa malaki, vitabu hivyo vilitoka London, na kiwango cha Berne kilikuwa kimepangwa na wauzaji. Tayari mwaka 1963 wajumbe wa Afrika walikutana Brazzaville wakaanza kudai nafuu kwa ajili ya elimu, na ulinzi kwa ngoma, hadithi na nyimbo za jadi zisizo na mtunzi anayejulikana.

Madai hayo yaliwafuata wakubwa hadi Stockholm mwaka 1967. India ikiwa mstari wa mbele, nchi changa zilipata itifaki iliyoziruhusu kufupisha muda wa ulinzi, kutafsiri na kuchapa vitabu vya masomo kwa masharti nafuu. Wachapishaji wa Uingereza walikuja juu. Nchi zilizokuwa na vitabu hivyo zilikataa kuikubali itifaki, na ikafa kabla ya kumfikishia mwanafunzi kitabu kimoja. Mwaka 1971, Paris, yalipatikana maridhiano: kiambatisho kinachoiruhusu nchi inayoendelea kutoa kibali cha tafsiri kwa ajili ya kufundishia, hata mwenye haki akikataa, ilimradi alipwe fidia ya haki. Kwa lugha zisizotumika sana katika nchi tajiri, na Kiswahili ni mojawapo, muda wa kungoja ni mwaka mmoja tu tangu kitabu kitoke. Kwa maneno ni mlango mpana. Kwa vitendo umezingirwa na notisi, miezi ya nyongeza na matangazo ya kupeleka Geneva, na nchi zilizoutumia ni chache sana.

Mwalimu Nyerere alipochapisha tafsiri yake ya Julius Caesar mwaka 1963 hakuhitaji ruhusa ya mtu, kwani Shakespeare alifariki 1616. Mwalimu wa leo anayetaka kutafsiri kitabu kipya cha baiolojia kwa wanafunzi wa Dodoma hana bahati hiyo. Ukosefu wa vitabu vya sayansi kwa Kiswahili hauletwi na uvivu wa watafsiri peke yake; sheria nayo imo, na tunapaswa kulisema hilo waziwazi.

Mambo yalibadilika kabisa tarehe 15 Aprili 1994, Marrakesh, ulipotiwa saini mkataba wa kuanzisha Shirika la Biashara Duniani pamoja na TRIPS, kiambatanisho chake kuhusu miliki ubunifu. Hakimiliki ilifungwa kamba moja na pamba, kahawa na chuma. Nchi isiyofuata kiwango cha Berne sasa ingeweza kushtakiwa na kuwekewa vikwazo vya kibiashara, adhabu ambayo Berne wenyewe haukuwahi kuwa nayo. Kipengele kimoja kiliachwa nje kwa makusudi, haki ya mtunzi kutajwa jina na kazi yake kutoharibiwa, kwa kuwa Marekani haikuitaka. Katika yote yaliyofanyika Marrakesh, hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Walichukua kila kinacholipwa, wakaacha kinachompa mtunzi heshima yake. Nchi maskini kabisa zilipewa muda wa kungoja, na muda huo umeongezwa mara kadhaa, sasa hadi tarehe 1 Julai 2034. Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi zimo katika kundi hilo; Kenya haimo. Ndani ya Jumuiya moja ya Afrika Mashariki, mkataba mmoja una tarehe mbili.

Ulaya nayo ilikuwa na shughuli zake. Mwanamuziki Phil Collins alikuta santuri za onyesho lake la Marekani, zilizorekodiwa bila ruhusa, zikiuzwa Ujerumani, na sheria ya Ujerumani ikiwalinda Wajerumani tu. Tarehe 20 Oktoba 1993 Mahakama ya Ulaya iliamua kwamba ubaguzi huo hauruhusiwi baina ya raia wa Jumuiya ya Ulaya. Siku tisa baadaye ulitoka mwongozo wa kusawazisha muda wa ulinzi: miaka 70 baada ya kifo, kila nchi. Kwa nini 70? Kwa sababu Ujerumani ilikuwa na 70 tangu 1965, na kupandisha wengine ni rahisi kuliko kumshusha mmoja. Kazi za James Joyce, aliyefariki 1941, zilizokuwa zimeingia mikononi mwa umma mwanzoni mwa 1992, zilirudishwa kifungoni hadi mwisho wa 2011. Marekani ikafuata mwaka 1998. Kazi ya mtunzi aliyefariki 1962, kwa hesabu ya miaka 50, ilikuwa huru mwisho wa 2012. Kwa hesabu ya miaka 70 ni mwisho wa 2032. Miaka 20 hiyo ya nyongeza mtunzi hawezi kuila.

Mkataba mmoja tu wa siku za karibuni ulikwenda upande wa msomaji. Ulipitishwa Marrakesh pia, tarehe 27 Juni 2013, na unaziamuru nchi wanachama kuruhusu vitabu vigeuzwe kuwa nukta nundu, sauti au maandishi makubwa kwa ajili ya wasioona, na nakala hizo zivuke mipaka bila kuomba ruhusa upya. Kenya iliukubali 2017, Tanzania 2020. Umeonyesha kwamba ruhusa zinaweza kusawazishwa kama makatazo yanavyosawazishwa, watu wakitaka.

Tukirudi nyumbani, hatuhitaji hata kuvuka mpaka wa nchi kuona kazi iliyobaki. Hakimiliki si jambo la Muungano. Tanzania Bara ina sheria yake ya 1999, inayosimamiwa na COSOTA. Zanzibar ina yake ya 2003, na taasisi yake, COSOZA. Anayetafuta mirabaha ya wimbo uliopigwa Unguja na Dar es Salaam jioni moja anabisha hodi milango miwili. Akivuka Namanga atakuta sheria ya Kenya ya 2001 na ofisi yake, KECOBO. Akifika Kampala, sheria ya 2006. Wenzetu wa Afrika ya Magharibi na ya Kati, wengi wao wanaozungumza Kifaransa, walikwenda mbali zaidi. Kwa Mkataba wa Bangui wa 1977, nchi 17 za OAPI, shirika lao la miliki ubunifu lenye makao Yaoundé, zina maandishi ya pamoja ya hakimiliki. Kwa upande wetu, shirika la ARIPO lililoko Harare lilipata Itifaki ya Kampala mwaka 2021, nayo ni ya usajili wa hiari tu.

Sitetei maandishi ya pamoja kwa ajili ya kufanana. Sheria zetu kwa jumla zinafanana vya kutosha. Kinachotofautiana ni kama mtunzi analipwa. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, ina kifungu cha 43 kinachozitaka nchi wanachama zishirikiane katika miliki ubunifu, hakimiliki ikiwemo. Mawaziri wakikaa, waanze na mambo matatu: mirabaha ikusanywe upande mmoja wa mpaka na kulipwa upande wa pili, vibali vya kutafsiri vitabu vya masomo kwa Kiswahili vitolewe kwa pamoja, na kifungu cha kurudisha haki kwa warithi, kama kile kilichowaokoa mabinti wa Linda, kiandikwe upya katika sheria zetu zote. Na mgeni yeyote akija na mkataba wa biashara wenye miaka 70 ndani yake, ajibiwe hapana.